Siku Niliyomfunga Baba Yako Bomba Mgongoni

Redempta mwanangu,

Saa hizi uko Litembo kwa mama yako wa ubatizo, unaaga. Mimi nimekaa juu ya gunia mlangoni na daftari lako la darasa la saba liko gotini. Nimechana karatasi za katikati, zile ambazo hukuziandika. Mvua imepungua kidogo. Nimechoka, nisikufiche. Tangu asubuhi nimemenya kahawa ndoo nne, nimechemsha mihogo yako ya njiani, nimefua gauni lako ambalo sijui kama litakauka, na mkono huu unaoandika unanuka maganda ya kahawa. Herufi zikilala, ziache zilale.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta kwenye gari mpaka mteremke Mbamba Bay, wala za kukaa katikati ya boti, wala za kutokula chakula cha mtu usiyemjua. Hayo nimeyasema mpaka ukanijibu, "Mama, nimesikia, mimi si mtoto." Nataka kukuandikia jambo moja, nalo ni lile neno ulilomwandalia baba yako.

Jumapili tulipotoka kanisani niliwasikia wewe na wenzako. Ulisema ukifika ng'ambo ya mpaka utamwamkia vizuri, shikamoo baba, utakaa, utakunywa maji atakayokupa, halafu utamwuliza: "Wewe ndiye yule mwanaume aliyeshindwa na bomba la dawa?" Wenzako wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo. Mimi nikapita mbele, nikajifanya natafuta sehemu ya njia isiyo na matope.

Neno hilo usimwambie. Sikukatazi kwa ajili ya adabu. Adabu unayo, nami najua unaiweka pembeni ukitaka. Nakukataza kwa sababu si la kweli, na aliyekufundisha ni mimi.

Umekua na hadithi niliyokupa. Kwamba baba yako Anselmo alikuwa mvivu, aliogopa kazi ya kupulizia kahawa, siku moja akalewa akaanguka shambani na bomba mgongoni, na kwa aibu akatoroka. Hadithi fupi, rahisi kukariri. Nilikupa ukiwa na miaka tisa, nikawapa na majirani, nikaisema hata mbele ya bibi yako ambaye aliona kila kitu kwa macho yake. Bibi alinyamaza. Sasa ni miaka saba. Watoto shuleni walikuita mtoto wa bomba, ukaja unalia, nami nikakuambia mlaumu baba yako. Kila ulipolia nilipata nafasi ya kusema kweli, na kila mara nilikuwa na kuni za kukata au maharage ya kupura.

Basi sikiliza.

Baba yako alikuja hapa Maguu nikiwa na miaka kumi na sita, umri wako. Kijiji kilikuwa kinachoma matofali ya madarasa, na tanuru la kwanza lilikuwa limetia aibu. Matofali ya pembeni yalibaki mabichi, ukiyamwagia maji yanarudi kuwa udongo. Ya katikati yaliyeyuka yakagandana kama ugali uliosahauliwa kwenye sufuria. Mtu mmoja akasema huko Mbaha, ziwani, kwa wavuvi, kuna mkimbizi kutoka ng'ambo anayejua moto. Wakamfuata.

Mimi nilikuwa nabeba maji. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mdomo wa tanuru la pili, anatazama ndani. Babu yako, ambaye hakuwa mtu wa subira, akamwuliza anatazama nini muda wote huo. Akajibu kwamba anasoma. Babu yako akageuka kwa wenzake akasema, "Huyu anasoma na kitabu tumekichoma." Watu wakacheka, na yeye akacheka, na hapo ndipo nilipomwona sawasawa.

Alikuwa anasoma rangi. Alinifundisha na mimi, siku zile za kuchoma, kila nilipotua ndoo. Moto ukianza, ndani ya tanuru kuna wekundu mzito ambao mchana hata huuoni; huo unakausha tu. Ukija wekundu kama wa tunda la kahawa lililoiva, udongo unaanza kugeuka jiwe. Ukifika rangi ya chungwa, hapo kaa macho, usiongeze kuni kwa pupa. Ukiona njano inayoelekea weupe, umechelewa, yanayeyuka. Nilimwuliza wazungu wanapimaje. Alisema wana chombo chenye namba, na yeye ana jicho, na kwamba chombo kikiharibika mzungu anakaa chini.

Nyumbani alinionyesha kwenye kibatari. Ule ulimi mrefu wa njano unaotuangazia, alisema, unang'aa kwa sababu ya masizi yanayowaka ndani yake. Pale chini karibu na utambi kuna bluu kidogo ambayo mtu haioni. Hapo ndipo moto unapowaka safi. Hukuwahi kuelewa kwa nini nilinunua lile jiko la mafuta la utambi kwa Mzee Faraji mchuuzi, la Kichina, halafu nikawa naliinamia kila jioni. Nilikuwa naangalia bluu. Likianza kutoa njano najua mafuta yamechanganywa, nalizima.

Na siku moja, hii labda unaikumbuka, alichukua mfuko mtupu wa mrututu, ile dawa ya bluu ya kahawa, akautupa kwenye moto wa jikoni, na moto ukawa wa kijani. Ulipiga makofi. Ulikuwa na miaka minne au mitano. Ukataka tena na tena mpaka bibi yako akafukuza watu wote jikoni kwamba chakula kitanuka dawa. Uliuliza kama moto wa kijani unaunguza zaidi. Akakuambia hapana, kijani hakisemi habari ya joto, kinasema tu kuna kitu kimetupwa ndani.

Tulioana. Hakuwa na shamba, hivyo tulikaa kwenye ardhi ya babu yako, na unajua watu wanavyosema mwanaume akikaa kwa wakwe. Walisema ameolewa. Walisema mkimbizi amepata kambi yenye mke. Yeye alikuwa anatabasamu anaendelea kuchimba. Hakuna mtu kijiji hiki aliyechimba ngoro kama baba yako. Yale mashimo unayoona kwenye mteremko wa juu, yaliyopangwa kama yamepimwa kwa kamba, ni ya mikono yake, na mpaka leo mvua haijayabomoa. Mvivu gani anachimba hivyo? Ulikuwa unapita pale kila siku na jembe begani, na hukuwahi kuniuliza. Nilishukuru Mungu hukuuliza.

Kazi moja tu hakuifanya. Msimu wa kwanza babu yako alimwambia, mbele ya mjomba wako Kosmas, kwamba kesho atabeba bomba. Baba yako akasimama ghafla na uso ukabadilika, ukawa kama majivu. Kosmas akamwuliza vipi shemeji, unaumwa? Kosmas ndiye aliyeanzisha mzaha. Aliwahi kusikia kwa wakimbizi kwamba kwa Kireno neno bomba ni hilo hilo, la kusukumia maji na la kulipua watu. "Shemeji anadhani baba anampa bomu!" Watu walicheka siku ile, wakacheka mwaka ule, wakacheka miaka yote. Baba yako mwenyewe aliudaka mzaha ule na kuutumia. Msimu wa dawa ukija anasema, "Mimi niacheni, kwetu bomba linaua," anakwenda kuchimba ngoro za Kosmas, na Kosmas anapulizia kahawa yetu. Nami nilicheka pamoja nao. Ilikuwa rahisi. Lile neno lilimficha vizuri, na hatukutaka kuangalia nyuma yake.

Halafu mambo yakageuka. Babu yako akafa. Dawa iliyokuwa inaletwa na ushirika ikaanza kuchelewa, halafu ikawa haiji, watu wakaambiwa sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie dukani. Kosmas akaacha shamba akaenda Songea kuuza mitumba. Chulebuni ikaingia, buni changa zinakuwa nyeusi mtini na kudondoka. Miaka miwili bomba nilibeba mimi. Nililibeba na mimba tumboni, na mimba ile ikatoka. Sikukuambia. Ulikuwa mdogo, ulijua tu kwamba mama analala sana.

Sisemi ilitoka kwa ajili ya bomba. Sijui. Ila siku zile nilijua kabisa ni kwa ajili ya bomba, na kila nilipomwona baba yako anachimba mashimo yake mazuri nilikuwa nawaka. Huo ndio moyo niliokuwa nao asubuhi ile, nataka uujue kabla sijakuambia nilichofanya. Nilikuwa na haki ya kukasirika. Haki hiyo ndiyo iliyonipofusha.

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umebeba ndoo ya maji ya kuchanganyia dawa, umevaa lile gauni la njano lililokuwa na mfuko mmoja. Mama Hilda jirani alikuwa amekuja kuazima ungo akabaki kutazama. Bibi yako alikuwa ndani ya jiko, mlango wazi, anachambua maharage. Nikajaza bomba. Nikamwita. Akaanza mzaha wake wa siku zote, "kwetu bomba", sikumwacha amalize. Nilimwambia, kwa sauti ambayo Mama Hilda aisikie, kwamba leo atabeba, au avae sketi yangu anipe suruali yake. Mama Hilda akaguna kile kiguno chake, akasema, "Mpe tu khanga, dada, atapendeza."

Aligeuka akanipa mgongo, na mimi nikampandisha bomba. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika zamani. Nilikuwa nimeunganisha kamba ya katani, na siku ile niliifunga kwa fundo lile tunalofungia ng'ombe, likikazwa halifunguki, ili asilitue njiani. Nilihisi mabega yake yanatetemeka chini ya mikono yangu. Nikadhani ni hasira. Nikafurahi.

Alitembea mpaka mwanzo wa mstari. Akapampu. Dawa ilipotoka mdomoni mwa bomba hakuielekeza juu kwenye majani kama watu wanavyofanya. Aliishusha chini, akaanza kupeleka mkono kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama mtu anayefagia, huku anapiga hatua fupi fupi ameinama. Alipita miti mitatu hivyo. Akafika usawa wa jiko. Akageuka na bomba, akauelekeza ule mrija kwenye mlango wazi alimokuwa bibi yako, akapiga kelele, "Tulukani! Tulukani!"

Unajua maana yake, wavuvi wa chini wanaongea hivyo. Tokeni. Tokeni nje.

Bibi yako alitoka na ungo wa maharage mkononi, uso umejaa mrututu. Hapo baba yako akapiga magoti. Akaanza kujikwangua mabega atoe bomba, na halikutoka, kwa sababu ya fundo langu. Alibiringika nalo chini kati ya miti, dawa inamwagikia shingoni, na sauti iliyotoka kwake sijapata kuisikia tena. Nilikuja na panga nikakata kamba. Mama Hilda alikuwa anacheka, halafu akaacha. Wewe ulikuwa umesimama na ndoo, ukaniuliza, "Baba amefanyaje?" Nikajibu amelewa. Ndilo neno la kwanza lililonijia. Hakuwa ameonja pombe mwezi ule.

Alasiri nilimwosha nyuma ya nyumba. Ile bluu ya dawa ilikuwa imeingia mpaka masikioni. Nilikuwa nataka aombe radhi kwa bibi. Badala yake alianza kuongea, akitazama ukuta, nami nikaendelea kumwagia maji kwa sababu sikujua la kufanya na mikono.

Alisema alikamatwa njiani na Wareno akiwa na miaka kumi na tisa, akavishwa sare yao, wakati kwao ng'ambo watu walikuwa wanapigania nchi. Walimchagua kwa mabega yake. Wakamfunga mgongoni mitungi miwili ya mafuta na mmoja mdogo wa hewa ya kusukuma, na mrija wenye cheche mdomoni. Yale mafuta walikuwa wanayakoroga na unga fulani mpaka yanakuwa mazito kama uji. Ukibonyeza, moto unaruka kutoka hapa mlangoni mpaka kule kwenye kisima, na unapofika hauzimiki wala haudondoki. Aliniambia, na hili alilisema kwa sauti ile ile ya kunifundisha tanuru, kwamba kwa rangi haukuwa moto mkali sana. Ulikuwa wa chungwa chafu, umejaa moshi mweusi. Moto wa tanuru ulikuwa unaushinda kwa joto. Ila wa tanuru unakaa mahali ulipouweka, na ule unashika kitu unachokigusa kama gundi, ukuta, majani, hata maji unaelea juu yake unawaka.

Alisema mtu anayebeba kitu kile anatembea peke yake. Wenzake walikaa mbali, maana risasi moja ikigonga mtungi ni wote. Na wa upande wa pili walikuwa wanamtafuta yeye kwanza. Hata chakula alikula pembeni.

Kazi yao ilikuwa kuchoma ghala na nyumba za vijiji vilivyokimbiwa, wapiganaji wasipate pa kulala. Wakubwa wake walimwambia nyumba ni tupu. Yeye hakuamini, kwa hiyo alijiwekea utaratibu wake: anaita mara tatu, tulukani, ndipo anabonyeza. Siku moja aliita mara mbili. Mkubwa wake alikuwa anamsukuma kwa mtutu mgongoni. Akabonyeza. Na moto ulipofika, akaona mlango unafunguliwa kutoka ndani.

Hakuniambia ni nani aliyefungua. Alisema usiku ule alivitupa vile vyuma mtoni, akatembea siku nyingi, akapata mtumbwi, akafika Mbaha. Miaka yote hiyo alikaa mbele ya matanuru kwa sababu, alisema, huo ndio moto pekee aliouweza kuutazama bila kusikia kitu.

Redempta, nimekaa sana kwenye mstari huu. Kahawa imesubiri, nimeiacha isubiri. Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichomwondoa baba yako. Kuanguka shambani watu wangesahau. Mama Hilda mwenyewe alikuja kesho yake na mayai, ishara kwamba mzaha umekwisha.

Niliweka chini kata niliyokuwa namwagia maji. Nikamwambia, "Na mkono huo ndio unaomlisha mwanangu?" Nikasema, "Usimguse Redempta."

Akasema, "Sawa."

Hivyo tu. Ningependa angebisha. Nilikuwa na maneno mengine mengi nimeyapanga.

Alikaa siku tatu. Alikuwa anaamka, anapasua kuni, anakula nje. Siku ya tatu ulitoka kisimani unachechemea, una mwiba kisiginoni. Ulimkimbilia yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anakutoa miiba, mimi nilikuwa naumiza. Ukamwinulia mguu. Akaweka mikono yake nyuma, yote miwili, kama mwanafunzi anayesubiri fimbo, akarudi hatua moja. Akaniita, "Imelda, mtoto ana mwiba." Ulilia kuliko mwiba ulivyouma. Uliniuliza kwa nini baba hataki, nikakuambia nyamaza, leta mguu.

Nilikutoa mwiba. Niliona mikono yake pale nyuma, vidole vimeshikana, na ningeweza kusema neno moja tu, mtoe. Nikaona nitalisema kesho, nikimaliza kumwadhibu. Kesho asubuhi hakuwepo. Jembe alilisafisha akalitundika.

Majirani walipouliza, ningesema nini? Ningesema kweli, wangemwita muuaji, na wewe ungekuwa mtoto wa muuaji. Nikachagua uwe mtoto wa mvivu. Nilidhani nakulinda. Nilikuwa najilinda na mimi, kwa sababu katika hadithi ya mvivu hakuna mahali ambapo mama anasema usimguse.

Nilisikia alirudi Mbaha akavua usipa na watu wake wa zamani. Sikumfuata. Kutoka hapa mpaka ziwani ni mwendo wa siku moja na sikumfuata miaka saba. Halafu vita vya ng'ambo, hivi vya wenyewe kwa wenyewe, vikaisha, naye akarudi kwao, na Mzee Faraji, unamjua anavyopeleka marobota ya mitumba mpaka ng'ambo ya mpaka, akaja mwezi uliopita na zile habari. Wewe alikuambia baba yako yu hai na anakuita. Mimi alinieleza zaidi, akiwa amesimama na baiskeli yake hataki hata kukaa. Alimkuta anachoma matofali. Watu wanarudi kutoka ukimbizini, nyumba hakuna, na yeye anawachomea, kijiji kimoja mpaka kingine. Mzee Faraji alimwuliza ana ujumbe gani kwetu. Akasema, "Kama mtoto anataka kuja, aje. Kama mama yake ataruhusu."

Kama mama yake ataruhusu. Mwanangu, mtu huyo bado anasubiri ruhusa yangu.

Mimi sijui kama alichofanya kinasameheka. Mimi nimesoma darasa la saba kama wewe, na mambo hayo hata padri huwa anayazunguka. Sijui kama watu anaowachomea matofali wanajua. Sijui kama mwenye mlango ule ana ndugu kati yao. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinauma, nikasema labda nikuzuie usiende. Kisha nikaona nitakuwa nimefunga fundo la pili.

Kwa hiyo nenda. Sikuambii umpende. Mtu ambaye umekaa naye miaka tisa halafu humwoni miaka saba si wa kupendwa kwa amri. Usimwulize habari ya mlango. Akikuambia mwenyewe, msikilize mpaka mwisho, usinyanyuke kufanya kazi nyingine, hilo ndilo kosa la nyumba yetu. Ukishindwa kukaa naye, Mzee Faraji hupita huko kila baada ya wiki mbili, panda naye boti urudi, na sitauliza swali. Ukitaka kubaki, baki, nitakutumia cheti chako cha ubatizo na lile sweta jingine.

Ila mwambie mama karuhusu. Mwambie alikuwa na haki ya kuruhusiwa siku ile ile ya mwiba. Usiongeze salamu nyingine kwa niaba yangu, sina ninayostahili kutuma, na wewe usinitungie.

Hasira utakuwa nayo. Naijua, ni yangu hiyo, umeirithi. Usiibebe kwenye boti umpelekee yeye. Mwenyewe niko hapa.

Nilikusudia kuikunja barua hii na kuisukuma chini kabisa ya mfuko wako, chini ya mihogo, uikute ukiwa ng'ambo, ambako huwezi kunitazama usoni. Nimeandika yote nikiwa na mpango huo. Sasa nakusikia pale kwenye kona ya njia unaongea na Mama Hilda, mnacheka kitu. Umerudi mapema. Nimeangalia huo mfuko na nimeona kwamba ndivyo nilivyofanya miaka yote.

Nitakupa mkononi. Kaa hapa kwenye gunia, mwanga bado upo. Soma taratibu, mwandiko ni mbaya. Ukimaliza, niulize unachotaka, hata lile ambalo mtoto hamwulizi mama. Nitakuwa nimekaa mbele yako, na sitashika kazi yoyote.

Mama yako,
Imelda